Nyama Tamu ya Skelgarth

Leicester, 2 Oktoba 1958

Wifi yangu Greta,

Pokea salamu zangu, wewe na kaka Lanty, na Mama kuliko wote. Mmeamkaje huko Skelgarth? Kondoo mmeshawateremsha kutoka mlimani? Mimi ni mzima kuanzia kichwani hadi magotini. Kuanzia hapo kwenda chini usiniulize. Wiki iliyopita nilimpelekea Cyril chakula chake kiwandani, nikateleza kwenye ngazi, nikaanguka mbele ya wanaume kama arobaini. Kiwanda cha soksi, wifi, na soksi yangu mwenyewe ina tundu kisiginoni! Mguu umevunjika. Daktari ameufunga plasta na anasema haitatoka kabla ya Desemba.

Kwa hiyo hesabu mwenyewe. Jumapili ya Kukoroga, siku ya kutengeneza nyama tamu ya pai za Krismasi, mwaka huu ni tarehe ishirini na tatu Novemba, na mimi sitakuwepo. Tangu nizaliwe sijawahi kuikosa. Hata mwaka ule theluji ilipofunga barabara nilishuka kwenye treni nikatembea, na Mama alikuwa ameniwekea kijiko changu pembeni. Nimelia, Greta. Cyril ananiambia, "Ni matunda tu, Avis." Matunda! Watu wa huku watajua nini? Nyama tamu yao haina nyama hata chembe, ni zabibu na tufaha basi, jina ndilo wameliacha lilivyo. Mwaka nilioolewa nilimwambia mama yake Cyril kwamba sisi kwetu tunatia kondoo na ramu. Alisogeza sahani yake pembeni taratibu.

Sasa nisikilize, wala usikasirike. Kazi yako unaijua: kumenya tufaha, kutoa mbegu kwenye zabibu, kukwaruza mafuta ya figo. Vipimo ni vya Mama. Akianza kupima wewe toka, kama siku zote. Namjua Mama, hapendi kuchunguliwa. Hata mimi mwanawe hajanipa yote bado. Ameniahidi kunifundisha kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mwaka wenyewe ulikuwa huu. Mwambie aningoje. Mwambie asimwambie mtu. Mwambie hivyo hivyo.

Na mbona haniandikii? Barua yake ya mwisho ni ya Julai, mistari mitatu tu, na wa tatu ni ule ule wa kwanza.

Wifi yako akupendaye,
Avis


Skelgarth, 14 Oktoba 1958

Wifi Avis,

Pole sana kwa mguu. Lanty aliposikia habari ya soksi alicheka hadi akakohoa. Nikamkemea, kisha nikageukia ukutani nikacheka na mimi. Huku tunaendelea. Kondoo wameshuka, ila wawili hawajaonekana. Mama anakula vizuri na analala vizuri, jioni ndiyo miguu inavimba kidogo.

Kazi yangu naijua, ahsante kwa kunikumbusha. Namenya tufaha katika jiko hili mwaka wa kumi na moja sasa. Na kila mwaka Mama akishika kijiko cha kupimia ananiambia, "Greta, kawatazame kuku." Novemba, mvua imechanganyika na barafu, kuku wenyewe wamejikunyata bandani, na mimi nimesimama uani nawatazama. Nyinyi wawili mko ndani kwenye joto. Ulikuwa unajua kwamba kicheko chako kinapita mlangoni? Kinapita vizuri sana, wifi.

Basi kaa vizuri, uweke na huo mguu juu ya kiti. Jumanne nilikuwa nimeshajitanda shali yangu, tayari kwenda kwa kuku, Mama akanishika mkono. "Unakwenda wapi? Njoo hapa, leo nakufundisha." Nilidhani nimesikia vibaya. Akanivuta hadi kwenye gudulia, akanifundisha. Ndiyo, mimi! Kondoo achemshwe vipi, ramu iingie saa ngapi, na kile kitu anachotia mwisho kabisa, ambacho sote tumekikisia miaka yote. Wewe ulikuwa ukisema ni limau. Si limau. Umekosea mbali.

Ni nini basi? Sikuambii.

Najua utauma kucha. Zote kumi ni zako, uma tu.

Lanty anakusalimu. Mama pia.

Wifi yako,
Greta


Leicester, 20 Oktoba 1958

Greta,

Hali yangu unaijua, kwa hiyo sikuulizi yako. Msalimie Mama, na Lanty, basi.

Umefurahi, sivyo? Umesubiri hadi nimevunjika mguu ndipo ukajipenyeza. Ningekuwa na miguu miwili usingethubutu. Nimesoma barua yako mara sita, na kila nikifika pale pa "Sikuambii" roho inaniuma kama nimemeza kaa la moto. Naam, ni wivu. Sioni haya kuutaja. Yule ni mama yangu. Aliyemzaa ni mimi, na siri yake ilikuwa yangu.

Nani hajui ulivyoingia nyumba ile? Krismasi yako ya kwanza ulimletea Mama zawadi: chupa ya nyama tamu ya dukani! Yenye karatasi ya rangi na picha ya ua! Uliiweka mezani mbele ya wageni wote, unatabasamu, na Mama alishindwa hata kuketi. Chupa ile aliila mbwa. Na mbwa naye alifikiri kwanza. Leo wewe ndiye uliyefundishwa?

Nataka Mama aniandikie kwa mkono wake kwamba ni kweli. Wewe sikuamini.

Avis, binti wa nyumba hiyo


Skelgarth, 24 Novemba 1958

Wifi Avis,

Ni matumaini yangu kwamba mguu unaunga. Huku tuna baridi, maji ya ng'ombe yanaganda kila asubuhi. Lanty hajambo. Mama ni mzima wa mwili.

Nimekaa wiki tano bila kukujibu. Mara ya kwanza niliandika kurasa nne, nikazitia jikoni zikateketea. Mara ya pili Lanty alinisihi niache. Sikulijua lile la mbwa, Avis. Miaka yote nilidhani mliila kidogo.

Jana ilikuwa Jumapili ya Kukoroga. Tulifanya kama inavyotakiwa: kijiko kinatoka mashariki kwenda magharibi, kila mtu zamu yake, mdomo umefungwa na moyo unaomba. Zamu yako alikoroga Lanty. Mimi nimekoroga yangu. Nilichoomba hakikuhusu.

Nakutumia chupa moja kwa posta. Onja mwenyewe. Mama hawezi kuandika kwa sasa, mkono unamsumbua.

Greta


Leicester, 3 Desemba 1958

Greta,

Plasta imetoka juzi. Mguu umekuwa mwembamba, lakini unakanyaga. Natumaini Mama ni mzima na mkono wake umepona.

Chupa imefika. Nilikuwa nimejiandaa kuitema. Nilichovya kijiko nikiwa nimesimama, maana sikutaka kuipa heshima ya kiti, na nilipoweka mdomoni ilibidi nikae. Ni yenyewe. Ni ya Mama hasa, ile ladha kali inayokuja mwisho ukidhani utamu umeshaisha. Laiti ingekuwa mbovu! Ningelala vizuri. Kumbe mikono yako imeweza, na mimi nimeshindwa.

Nimeshindwa kweli, kwani nilijaribu. Mwezi uliopita, nikiwa na plasta yangu, nilikaa kwenye kigoda nikatengeneza yangu kwa kukisia. Nikatia kondoo, nikatia karafuu na kungumanga, na ramu nikaipima kwa hofu, maana Cyril alikuwa amesimama ananiangalia. Limau nilitia tatu. Siku ya tisa kabati lilianza kunung'unika. Siku ya kumi vifuniko viliruka kama risasi. Zabibu zilinata hadi kwenye dari. Cyril alikwea kiti na kisu kuzibandua moja moja.

Haya hayo ni yangu. Sasa lako. Binamu yetu Isobel ameniandikia kwamba kwenye mnada wa kanisa wiki iliyopita meza nzima ilikuwa ya nyama tamu ya Skelgarth. Meza nzima! Na kila chupa imebandikwa karatasi imeandikwa "Ya Greta". Anasema mchungaji, ambaye hataki hata harufu ya pombe, alikula pai tatu na akauliza kama zimebaki. Watu wote wanakusifu. "Mikono ya Greta." Mikono ya Greta!

Mama yangu yu hai na umeshafuta jina lake. Ulichofanya kina jina lake, Greta, na jina hilo ni wizi. Huwezi kunidanganya kwamba alikuruhusu. Na kwa nini mmetengeneza nyingi hivyo? Mwaka wote tunaridhika na gudulia moja.

Nijibu kwa kweli mara hii, au nimwandikie kaka yangu mimi mwenyewe.

Avis


Skelgarth, 7 Desemba 1958

Mpenzi wifi Avis,

Nakusalimu kwa upendo, na sikutanii. Nimefurahi kwamba plasta imetoka. Lanty amenikataza kuandika barua hii. Yuko zizini, naiandika harakaharaka.

Mama si mzima. Mwili ndiyo, lakini kichwa kinamwacha. Kilianza kiangazi. Anapika uji mara mbili, anamtafuta marehemu baba yenu amwite aje kula. Daktari wa mjini Kendal anasema ni uzee na hakuna dawa. Lanty alisema tusikuambie hadi uje, kwa ajili ya mguu wako, na mimi nilikubali haraka mno. Sababu yangu haikuwa mguu wako.

Umeuliza kwa nini tumetengeneza nyingi. Kwa sababu anasahau. Tukimaliza gudulia, siku ya tatu anaamka na kunawa mikono, anauliza tufaha ziko wapi. Tumetengeneza mara nne, Avis. Stoo haina pa kukanyaga. Ndiyo maana nilipeleka kanisani. Mwanamke mmoja wa pale mezani alisema kila chupa lazima iwe na jina la mpishi, nikaandika langu. Nilijua nafanya nini. Nilitaka nilione mara moja jina langu kwenye kitu cha nyumba hii.

Sasa lililobaki ndilo gumu. Ile Jumanne niliyokusimulia, aliposhika mkono wangu, hakusema vile nilivyokuandikia. Maneno mawili niliyatoa. Alisema, "Unakwenda wapi, Avis? Njoo hapa, leo nakufundisha, Avis."

Niligeuka nyuma kukutazama, nikidhani umeingia. Hapakuwa na mtu. Ungefanya nini wewe? Mimi nilivua shali nikaitika, "Naam, Mama." Tangu siku ile mimi ni Avis. Ananishika uso kwa mikono yake yenye unga. Ananiambia mwanangu. Anacheka na mimi kile kicheko nilichokuwa nakisikia toka uani. Na Greta akikumbukwa, ni pale tu anaponiuliza, "Greta amewatazama kuku?" nami najibu ndiyo, amewatazama.

Umenionea wivu kwa kitu nilichopewa kwa jina lako. Na mimi nakuonea wivu kwa jina lenyewe. Kila ninapoitika nafurahi, halafu nachukia, halafu nasubiri aite tena. Umeniita mwizi, na sikukatai.

Siri yake ni maji ya plamu nyeusi za shambani kwetu, zile chungu, zilizochemshwa na kuchujwa mara mbili. Vikombe viwili kwa gudulia, mwisho kabisa, baada ya ramu. Haya, nimekupa. Nilikuwa nimeapa sitakuandikia kamwe.

Njoo umwone. Tafadhali usimwambie Lanty kwamba nililia wakati naandika.

Wifi yako,
Greta


Leicester, 10 Desemba 1958

Greta,

Nakuja Jumamosi, treni ya saa nane mchana. Lanty anipokee stesheni. Jumatatu itabidi nirudi. Kwa sasa sina zaidi ya hayo.

Avis


Leicester, 19 Desemba 1958

Wifi yangu Greta,

Salamu nyingi kwako na kwa Lanty. Nilifika salama, ila treni ilikawia na mguu ulivimba kwenye kiatu. Cyril anawashukuru kwa siagi na mayai. Chupa zote nane za nyama tamu mlizonipa hazikuvunjika. Mama ameamkaje? Anakula? Ile homa ndogo ya Jumatatu imeisha?

Uliniuliza stesheni kwa nini macho yangu ni mekundu tangu Jumapili, nikakuambia ni moshi wa jiko. Jiko lenu halijawahi kutoa moshi. Lanty analisafisha kama bunduki.

Jumamosi ulishuhudia mwenyewe alivyonipokea. Alinipa mkono, akaniuliza safari, akanikaribisha chai, kama mgeni wa kanisani. Nilijipa moyo kwamba ni uchovu. Nilijua nikikaa naye peke yangu atanifahamu. Ndiyo maana Jumapili nilisema mguu unauma, nyinyi mwende kanisani. Mguu haukuwa unauma. Nilitaka kumpata mama yangu bila wewe kuwepo.

Mlipotoka tu akanawa mikono. Nikajua tunaanza gudulia la tano. Nikaleta tufaha nikamenya, nikafanya bidii, nikamenya nyembamba bila kukata ganda, jinsi anavyopenda. Akanitazama muda mrefu. Kisha akasema, "Unamenya vizuri, Greta."

Nikasema, "Mama, ni mimi, Avis." Akacheka kidogo kwa adabu, kama mtu aliyeambiwa mzaha asiouelewa.

Akaendelea kuongea, na hapa ndipo nataka usome polepole. Alisema, "Una mikono mizuri kuliko yeyote aliyewahi kuingia jiko hili. Nimeliona tangu mwaka wako wa kwanza. Ningekufundisha siku nyingi, mwanangu. Lakini Avis ana wivu. Tangu mdogo alikuwa hivyo, hawezi kuona nimemshika mtu mwingine mkono. Nikikufundisha wewe atavunjika moyo, na yuko mbali, hana kingine cha kumrudisha nyumbani. Kwa hiyo nakutoa nje. Naona unavyosimama uani. Nisamehe."

Miaka kumi na moja, Greta. Hakuwa anakudharau. Alikuwa ananiogopa mimi.

Msamaha ule ulikuwa unaombwa kwako. Nimekaa nao siku tano kwenye mkoba nikijiambia nitautupa, kwani hakuna aliyesikia, na mimi nilishapoteza vya kutosha mwaka huu. Jana nilikuwa bado nataka kuutupa. Lakini wewe ulinipa changu ulipokuwa umeapa hutanipa. Basi na chako ndicho hiki, kizima, sijapunguza neno.

Halafu akachukua kijiko cha kupimia. Akaniambia, "Sasa kawatazame kuku. Avis anakuja kunisaidia."

Nikatoka. Nilisimama palepale unaposimama, karibu na pipa la maji. Upepo wa pale unakata masikio, hukuwahi kuniambia. Kuku walikuwa saba. Nikamsikia akiita kutoka ndani, "Avis! Avis!" kwa sauti yake ile ile ya zamani, ya kuniita kutoka malishoni. Nikakimbia na huu mguu wangu, nikafungua mlango, nikasema, "Nipo, Mama!" Alikuwa ameshika kijiko hewani. Akanitazama, akatazama nyuma yangu, akasema, "Si wewe, mwanangu. Nimemwita Avis."

Akaendelea kuita hadi mliporudi kanisani. Wewe uliingia na kofia yako kichwani, hukujua lolote, akakuita, nawe kwa sababu yangu ukanyamaza. Ulinitazama mimi kwanza. Nilikuona ulivyofunga mdomo. Na yeye nilimwona alivyoshusha kile kijiko.

Wivu wangu haujaisha, nisikudanganye. Wakati huu ninapoandika pengine umesimama naye kwenye gudulia, anakushika uso, na ninaona uchungu hadi kwenye meno. Hata nikifika miaka themanini nitakuonea wivu. Lakini sitaki aite tena vile bila kujibiwa.

Akiita Avis, itika. Hata nikiwepo.

Wifi yako,
Avis